Fomula kwanza au grafu kwanza? Tunavyofundisha hesabu za kasi ya mmenyuko

Jumamosi moja alasiri, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni alinijia nyumbani, mtaa wa Umoja, akiwa na karatasi ya hesabu. Alikuwa amepewa muda wa mmenyuko wa kemikali katika viwango viwili vya joto na kutakiwa atafute nishati ya kuamsha mmenyuko huo, ile wanayoiandika Ea. Jibu lake: jouli 310 kwa moli. Nilipitia hatua zake moja moja. Logi ilikuwa sawa. R, ile namba thabiti ya gesi, aliiandika 8.314, sawa. Fomula ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa moja tu: joto aliliacha katika Selsiasi, 20 na 30, badala ya kelvini 293 na 303. Jibu sahihi lilikuwa kilojouli 46 hivi kwa moli, mara 148 ya lile aliloandika.

Kosa la kelvini kila mtu hulifanya. Kilichoniuma ni kwamba ile 310 haikumshtua. Kwa joto la kawaida la chumba, RT peke yake (R mara joto la kelvini, kipimo cha nishati ya kawaida ya molekuli) ni takriban jouli 2,400 kwa moli. Kama Ea, yaani kizingiti cha nishati ambacho molekuli lazima zikivuke ili zimenyuke, ingekuwa jouli 310, karibu molekuli zote zingekuwa zimeshakivuka, na kuongeza joto kungebadilisha kasi kidogo mno. Lakini data aliyoishika mkononi ilionyesha muda ukipungua kutoka sekunde 82 hadi 44. Jibu lake lilipingana na swali lenyewe, naye hakuliona pingamizi hilo.

Tangu siku hiyo nimebishana na walimu wenzangu hapa Nairobi kuhusu namna tunavyofundisha jambo hili. Kwa watoto wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kasi ya mmenyuko huja Kidato cha Nne kwa majaribio na grafu, bila fomula ya Arrhenius, ile inayounganisha kasi, joto na Ea. Fomula humkuta mwanafunzi chuoni, au katika shule za mitaala ya kigeni, na kwa kawaida humkuta ghafla: wiki moja anachora mkunjo wa muda dhidi ya joto, wiki ya pili anaambiwa ln(k2/k1) = (Ea/R)(1/T1 − 1/T2), ambapo k ni kipimo cha kasi, T ni joto la kelvini na ln ni logi asilia, jaza namba.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu hufundisha hivyo hivyo, fomula moja kwa moja, na hoja zake si za mtu mvivu. Ana darasa kubwa, themomita hazitoshi, na mtihani una saa zake. Huwapa wanafunzi maswali 30 ya aina moja mpaka mkono uzoee. Aliniambia, "Mwalimu, huyu akifaulu atapata muda wa kuelewa baadaye. Akifeli, hatarudi darasani kuelewa chochote." Nilikosa la kumjibu kwa dakika kadhaa. Na yapo mengine anayoyasema ambayo ni kweli. Mkono uliozoea huiachia akili nafasi. Fundi cherehani wa Gikomba hawazi jinsi ya kutunga uzi kwenye sindano, ndiyo maana anaweza kuwaza kuhusu gauni. Mwanafunzi anayehangaika na kugeuza 1/293 kuwa desimali hana nafasi ya kujiuliza Ea ni kitu gani.

Upande wa pili wako wanaosema maana kwanza, hesabu baadaye. Hao huchora kilima ubaoni: vitu vinavyomenyuka huku, mazao kule, na kati yao mlima ambao lazima upandwe. Urefu wa mlima ndio Ea. Picha ni nzuri na nimeitumia miaka mingi. Kwa moyo wangu mimi ni wa upande huu. Lakini nimelazimika kukiri kwamba picha bila namba hudanganya kwa namna yake.

Waulize waliofundishwa kwa kilima peke yake kwa nini joto huharakisha mmenyuko. Wengine watakwambia joto hupunguza urefu wa mlima. Si kweli, kichocheo ndicho hufungua njia yenye mlima mfupi zaidi, joto huuacha mlima kama ulivyo. Wengi watasema molekuli hugongana mara nyingi zaidi. Hilo ni kweli, lakini hebu lipime. Katika gesi, mwendo wa molekuli hufuata kipeuo cha pili cha joto la kelvini. Ukitoka Selsiasi 25 hadi 35, yaani kelvini 298 hadi 308, migongano huongezeka kwa asilimia 1.7 hivi. Asilimia 1.7! Mmenyuko wenye Ea ya kilojouli 53 huongeza kasi maradufu katika nyuzi hizo hizo 10. Kwa hiyo karibu ongezeko lote linatoka kwingine: linatoka kwenye ile sehemu ndogo ya molekuli zilizo na nishati ya kutosha kuuvuka mlima, sehemu ambayo fomula huiandika e^(−Ea/RT). Sehemu hiyo ndiyo huwa karibu maradufu. Huwezi kuling'amua hili kwa maneno matupu. Ni hesabu iliyoyakosoa maneno, na hapo ndipo nilipoacha kuwalaumu watu wa fomula kwa urahisi.

Hata Arrhenius mwenyewe, mkemia wa Sweden, hakuanza na mlima. Mwaka 1889, akichunguza jinsi asidi inavyoivunja sukari ya miwa, alianza na vipimo: kasi kadhaa katika viwango kadhaa vya joto, na swali la mlinganyo upi unavipatanisha. Maelezo ya molekuli chache zilizo tayari kumenyuka aliyafikia akitafuta sababu ya namba hizo.

Basi mimi nimefika wapi? Naona ugomvi wa fomula na maana umetuficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni data. Fomula ya nukta mbili, ile ya ln(k2/k1), ni sahihi kabisa kihesabu. Kasoro yake ni kwamba haina macho. Mpe nukta mbili zozote, nzuri au mbovu, itakupa jibu lenye desimali mbili bila kusita.

Nitaonyesha kwa data ya kijana yule, maana nilimwomba alete jedwali zima. Ni lile jaribio linalojulikana na kila aliyepita maabara ya shule Kenya: sodiamu thaiosalfeti na asidi ya haidrokloriki, chupa juu ya karatasi yenye alama ya X, unasubiri salfa ya manjano iifunike alama. Katika Selsiasi 20 ilichukua sekunde 82. 30, sekunde 44. 40, sekunde 25. 50, sekunde 15. 60, sekunde 11. Kiasi na ukolezi havikubadilika, na mwisho wa kuhesabu ni ule ule, kwa hiyo 1/t inasimama mahali pa kasi.

Chukua jozi ya kwanza, 20 na 30: Ea ni kilojouli 45.9. Chukua jozi ya mwisho, 50 na 60: ni kilojouli 27.7. Jaribio moja, kijana mmoja, fomula moja, na majibu mawili yaliyoachana hivyo. Mtihani ungempa jozi moja tu, naye angepigiwa tiki.

Tulikaa mezani tukachora ln(1/t) dhidi ya 1/T. Nukta nne za kwanza zilijipanga kama waumini kwenye safu, na mteremko wake unatoa karibu kilojouli 44.6. Ya tano ilianguka chini ya mstari, peke yake. Nikamuuliza, "Hii ya 60 uliipima vipi?" Akafikiri. "Mwalimu, mwenzangu ndiye alikuwa na saa. Alama ilipotea haraka, akachelewa kubonyeza." Tukapiga hesabu: kama angebonyeza kwenye sekunde 9 badala ya 11, jozi ya mwisho ingetoa kilojouli 45.7. Sekunde mbili zilikuwa zimemeza karibu kilojouli 18. Fomula isingemwambia hilo kamwe. Penseli na rula zilimwambia kwa dakika tano.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu mwenzangu, bila kuyatupa yake. Grafu ije kwanza, hata kama ni moja tu muhula mzima, hata kama data ni ya kuandikwa ubaoni kwa sababu maabara haina vifaa. Mwanafunzi akishaona kwamba Ea ni mteremko wa mstari, bila alama yake ya hasi, uliozidishwa kwa R, atajua kwamba fomula ya nukta mbili ni mteremko ule ule uliochukuliwa kwa ufupi. Kisha aje apewe yale maswali 30. Hoja ya muda naikubali, ila somo moja la grafu haliuli muhula.

Najua grafu nayo ina udhaifu. Wapo wanaochora mstari kwa kuunganisha nukta kama mchezo wa watoto, na wapo wanaokosea skeli ya 1/T kwa sababu namba zenyewe ni 0.0030 hadi 0.0034. Wenye jedwali za logi za msingi wa kumi husahau kuzidisha kwa 2.303 ili kupata ln. Kwa mwanafunzi mwoga, grafu inaweza kuwa mzigo kuliko fomula, na nimewaona wakilia.

Kwa hao nimeanza kutumia sufuria. Maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 hapa Nairobi, kwa sababu tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi 100 Mombasa. Tuseme kuiva kwa githeri, yale mahindi na maharagwe, kunahitaji Ea ya kilojouli 100 kwa moli. Namba hiyo nimeichagua kwa ajili ya hesabu tu. Weka 367 na 373 kwenye fomula: kasi ya Mombasa ni karibu mara 1.7. Sufuria inayoiva kwa saa moja pwani itakula saa moja na dakika 40 hapa. Kila mtoto aliyewahi kutumwa kuongeza makaa chini ya githeri anajua kama jibu hilo linaingia akilini, na akipata mara 148 atajua pia kwamba pana mahali amekosea.

Yule kijana alirudi maabara wiki iliyofuata kurudia nyuzi 60, safari hii saa akiishika mwenyewe. Alinitumia picha ya daftari: mara tatu, sekunde 9, 9 na 10.