Krenki ya Fuso: mpya ya kopi au mtumba orijino?

Wakuu, msimu wa mahindi Kibaigwa ukichanganya ndio utasikia Fuso ya fulani imenoki, yaani injini imekufa, gari limejazwa mpaka juu, oili haijabadilishwa siku nyingi, beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zinazunguka na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaliwa. Hapo mwenye gari anavutwa huku na huku, huyu anamwambia agiza krenki mpya ya kopi, isiyo ya kiwanda chenyewe, kule Gerezani Dar, yule anasema tafuta ya mtumba ya Japani.

Wanaotetea mpya wana hoja. Inakuja stendadi, yaani haijasagwa bado, beringi zake hazisumbui kupata, na huko mbele bado unaweza kuisaga, yaani kupunguza pale zinapokaa beringi ili pawe laini tena. Ya mtumba hujui imepitia mangapi, inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na ikikatikia pale mlima Sekenke na mzigo mgongoni inaweza kuondoka na bloku nzima.

Ila kopi nyingi zinang'aa kuliko hata orijino, na kung'aa hakukuambii kama chuma kimekomazwa. Kama ni laini, beringi zitaila mapema tu hata uweke oili ya bei gani. Na kusaga nako kuna mpaka wake, ukienda saizi 50, yaani nusu milimita chini ya stendadi, umetoa robo milimita kila upande, kwa krenki ambazo ugumu wake ni tabaka jembamba la juu hapo umeshakula sehemu kubwa ya huo ugumu, inabidi ikomazwe upya na mafundi wengi hawakwambii hilo.

Linaloniumiza zaidi ni hii kauli ya "zinaingiliana hizo". Chukua injini za Canter, 4D32 stroki yake (umbali pistoni inaopanda na kushuka) ni milimita 105, 4D33 ni 115. Ukilazimisha krenki ya 115 kwenye ya 105, pistoni inapanda milimita 5 zaidi, nusu ya ile tofauti ya 10, yaani inagonga hedi. Halafu kuna injini za Fuso, 6D14, 6D15 na 6D16, zote stroki 115, ndio maana watu wanazichanganya, lakini stroki ni kipimo kimoja tu, bado kuna unene pale zinapokaa meni beringi (zinazoshika krenki kwenye bloku) na beringi za konrodi, upana wa pale zinapokaa washa za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, matundu ya bolti za flaiwili, na sili ya nyuma. Beba krenki ya zamani, pima zote mbili kwa maikromita, usipime kwa macho.

Mimi naegemea mtumba orijino, kwa sharti ipimwe ufa na ipimwe kila sehemu ya beringi kwa pande mbili kuona kama imekuwa yai, yaani haiko duara tena. Ikiwa imeshafika saizi 75 iache, bora hiyo mpya, tena kwa muuzaji anayekubali kuandika kwenye risiti kwamba isipoingia anaipokea na kurudisha hela. Na fundi akishafunga meni beringi zote mwambie aizungushe kwa mkono kabla hajaweka konrodi, ikikaza sehemu yoyote afungue apime tena.