Pete ya dapivirini: tuipigie debe au tuiache?

Katika mijadala ya kinga ya VVU jijini Nairobi kuna hoja inayozidi kupata wafuasi. Sindano ya lenakapaviri huchomwa mara 2 tu kwa mwaka, na katika utafiti wa PURPOSE 1, mwaka 2024, hakuna hata mwanamke mmoja aliyeambukizwa kati ya 2,134 waliochomwa. Ya nini basi kuendelea kuhangaika na pete ya ukeni, ile inayotoa dapivirini, dawa ya kukinga VVU? Hoja hiyo ina uzito, na anayeipinga hana budi kuanza na takwimu za pete, maana ndizo zinazoiponza.

Utafiti wa ASPIRE, uliotangazwa Februari 2016, ulihusisha wanawake 2,629 wa Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini. Waliovaa pete yenye dawa, 71 waliambukizwa. Waliovaa isiyo na dawa, 97. Hapo ndipo inapotoka asilimia 27 inayotajwa kuwa kiwango cha kinga ya pete. Mhamasishaji akiitaja hivi hivi barazani Kayole, watu wataondoka wakiamini kwamba katika kila wavaaji 100, 73 wataambukizwa. Sivyo kabisa. Maana yake ni kwamba maambukizi ambayo yangetokea yalipungua kwa zaidi kidogo ya robo, na humo wamehesabiwa hata waliokuwa hawaivai mwezi mzima. Kwa waliozidi miaka 21, upungufu ulifika asilimia 56. Kwa wenye miaka 21 kurudi chini, kinga haikuonekana, na uvaaji wao ndio uliokuwa hafifu. Hili watetezi wengi wa pete hulipita haraka mno, ilhali wasichana wa rika hilo ndio wanaolengwa sana na kampeni zetu.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021 kama chaguo la ziada. Nchini Marekani ombi la idhini liliondolewa Desemba mwaka huo huo. Wapinzani hupenda kutaja la pili, watetezi la kwanza. Anayeelimisha umma ataje yote mawili.

Kilichobaki ni matumizi, na hapa elimu yetu ni nyepesi mno. Pete ni ya silikoni laini, upana wa milimita 56, ina miligramu 25 za dapivirini na huvaliwa siku 28 mfululizo. Anayeitaka hupimwa VVU kwanza. Hunawa mikono, huibana pande mbili na kuisukuma juu hadi asiihisi. Inahitaji saa 24 kabla ya kutegemewa. Haivuliwi wakati wa hedhi wala wa tendo. Ikidondokea chooni, isioshwe na kurudishwa, ivaliwe mpya. Iliyokwisha siku zake bado ina sehemu kubwa ya dawa, hivyo ifungwe ndani ya pakiti yake na kutupwa kwenye pipa ambako mtoto hafiki, si kwenye choo cha ploti. Haizuii mimba, kisonono wala kaswende, na haimlindi anayeshiriki ngono ya nyuma.

Hesabu ya vifaa ndiyo inayoumiza. Mtumiaji mmoja anahitaji pete 13 kwa mwaka. Kliniki ikikosa ya pili, kuanzia siku ya 29 kinga haitegemewi tena, na yeye atasimulia majirani kwamba pete haifanyi kazi.

Hata hivyo, sindano haijibu kila kitu. Ikishachomwa haitoki, dawa hubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kuacha. Anayetumia rifampisini kutibu kifua kikuu huhitaji dozi za nyongeza za lenakapaviri. Pete hutoa dawa pale pale ukeni, kidogo sana hufika kwenye damu, na mwenyewe anaweza kuivua leo. Kwa mwanamke anayeishi chumba kimoja na mume asiyetaka kuona mkebe wa vidonge, hilo si jambo dogo.

Wanaoonya dhidi ya ahadi tamu nao wana historia upande wao. Utafiti wa hapa hapa Nairobi, uliochapishwa mwaka 1992, uliwapa makahaba sponji ya ukeni yenye nonoksinoli-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume. Haikuwakinga na VVU, na vidonda sehemu za siri viliongezeka. Jeli ya ukeni ya tenofoviri, dawa nyingine ya VVU, ilishangiliwa mwaka 2010 kwa kupunguza maambukizi kwa asilimia 39. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa jeli hiyo, FACTS 001, haukuona kinga yoyote.

Kwa maoni yetu, pete ibaki, lakini itolewe baada ya mtu kuelezwa sindano na vidonge, si badala yake. Mapema 2025 fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, za PrEP, yaani dawa za kukinga VVU kabla ya kuambukizwa, zilibanwa hadi kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee, kwa hiyo hoja lazima ihamie kwenye bajeti zetu. Dawa huja kupitia NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI, na KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, lakini wauguzi ni wa kaunti. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30. Anayepeleka memoranda Mei hukuta makadirio yamekwisha kuandikwa, na memoranda isiyotaja idadi ya wauguzi na saa za ushauri nasaha haina cha kuingizwa kwenye makadirio.