Mali bila daftari: seva zetu ziandikwe

Ukiiuliza ofisi ya wastani hapa Unguja, iwe hoteli ya Kiwengwa, kampuni ya utalii ya Mjini au skuli binafsi, mfumo wao wa kompyuta umejengwaje, mara nyingi utajibiwa kwa jina la mtu. "Hayo anayajua Fulani." Fulani ndiye aliyefungua akaunti ya wingu, yaani ya kompyuta za kukodi zinazotumiwa kupitia mtandao, ndiye aliyesimamisha seva, ndiye anayekumbuka kwa nini mlango mmoja wa mtandao uliachwa wazi na mwengine ukafungwa. Fulani akipata kazi Dar es Salaam, Dubai au Maskat, na vijana wetu wazuri wanazipata, ofisi hubaki na bili ya kila mwezi na mashine ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa.

Jambo hili linaniuma. Siku hizi kila watu wa TEHAMA wanapokaa pamoja nasikia hamu ya kutumia mawingu mawili matatu kwa mpigo: kidogo AWS ya Amazon, kidogo Azure ya Microsoft, kidogo Google. Siipingi hamu hiyo. Ila naamini kwamba kabla hatujahesabu mawingu, miundombinu yenyewe iandikwe kama msimbo, kwenye faili ambazo kila mwenye ruhusa ofisini anaweza kuzisoma na kompyuta inaweza kuzitekeleza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na seva ni mali.

Kwa ambao hawajaifanya kazi hii, utaratibu ni huu. Badala ya kuingia kwenye dashibodi, ule ukurasa wa kuendeshea akaunti, na kubofya hapa na pale mpaka seva ipatikane, unaandika faili linaloeleza unachokitaka: seva moja ya ukubwa fulani, hifadhidata moja, mtandao wenye mipaka yake, bekapu kila usiku. Programu kama Terraform, iliyotolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2014, hulisoma faili hilo, hulilinganisha na kilichopo, kisha hukuonesha itaongeza nini, itabadilisha nini na itafuta nini. Hatua hiyo huitwa plan. Ukiridhika unatoa amri ya apply na kazi inafanyika. Faili zenyewe hukaa kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kwa hiyo kila badiliko lina tarehe yake, jina la aliyelifanya na, kama timu ina nidhamu, sababu yake. Pulumi hufanya kazi hiyo hiyo kwa lugha za kawaida za programu kama Python. Ansible, iliyoanza 2012, inafaa zaidi kupanga yaliyomo ndani ya seva baada ya seva kuwepo. Ukiijua moja vizuri, nyengine hazitakupa taabu.

Niliwahi kuitwa na hoteli moja ya pwani ya mashariki ambayo mfumo wake wa buking ulizimika Julai, wakati vyumba vimejaa. Hakukuwa na shambulio wala hitilafu ya mashine. Akaunti ya wingu ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi ambaye kashaondoka nchini, kadi iliyokuwa ikilipia ikaisha muda, na onyo zote zikawa zinakwenda kwenye sanduku la barua ambalo hotelini hakuna aliyeweza kulifungua. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika majina ya wageni kwa kalamu, akikisia nani kalipa na nani bado. Mfumo ulirudi baada ya kumtafuta fundi yule kwa simu na kumsihi. Haikuwa dhamira yake mbaya. Alijenga kama wengi wanavyojenga, kwa kumbukumbu ya kichwa.

Baada ya hapo nilimwomba meneja aniruhusu niyaandike yote yaliyokuwepo. Terraform tangu toleo la 1.5, la mwaka 2023, ina njia nzuri ya kuviingiza kwenye msimbo vitu vilivyokwisha kujengwa kwa mkono, bila kuvibomoa. Katika kuviandika ndipo tulipoona tulichokuwa nacho. Kulikuwa na seva ya majaribio iliyosahauliwa ambayo ilikuwa ikilipiwa kila mwezi. Kulikuwa na hifadhidata yenye nakala za pasipoti za wageni, na mlango wake umeachwa wazi kwa dunia nzima. Hakuna aliyeficha chochote. Vitu hivyo havikuwa vimeandikwa popote, basi hapakuwa na mahali pa kuviona.

Msimu uliofuata hoteli ilitaka nakala kamili ya mfumo ya kuwafundishia wafanyakazi wapya. Kijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, aliyekuwa mafunzoni aliisimamisha asubuhi kwa faili zile zile, wakafundishwa, na jioni akaibomoa ili isiendelee kulipiwa. Hakumpigia simu mtu yeyote. Faida yote ya kazi hii naiona hapo, na haikuhitaji wingu la pili.

Tuje sasa kwenye mawingu mengi. Wazanzibari hatuhitaji kuhubiriwa hatari ya kutegemea kamba moja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme baada ya hitilafu ya njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa kiasi cha miezi mitatu. Aliyekuwepo anazikumbuka kelele za jenereta Darajani na foleni za maji, maana pampu nazo zilisimama. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja kuanza kazi 2013. Kwa hiyo mtu anaponiambia asiweke kila kitu kwa kampuni moja, namwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Swali langu ni kamba ipi hasa tunayoikwepa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania yote ikahangaika na mtandao. Tazama sasa mawingu makubwa yaliyo karibu nasi yamekaa wapi. Azure ilifungua Johannesburg 2019, AWS ikafungua Cape Town 2020, Google ikafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Yote matatu yako Afrika Kusini. Ofisi ya Vuga inayoweka nusu ya mfumo wake Johannesburg kwa kampuni moja na nusu nyengine Cape Town kwa kampuni nyengine ina bili mbili na njia moja ya bahari. Anayetaka tofauti ya kweli aweke upande mmoja kusini na upande mwengine kaskazini, Ulaya au Ghuba.

Na tuangalie nani anautumia mfumo. Mgeni anayebuki chumba cha Paje yuko Milano au Warsaw, na seva iliyoko Frankfurt ataiona hata siku ambayo sisi hapa hatuoni kitu. Wa kuhangaikiwa ni mapokezi. Orodha ya wageni wa wiki ipakuliwe kila usiku kwenye kompyuta iliyopo hapo hapo hotelini, ili mtandao ukikatika mgeni asisimame kaunta na begi lake akiulizwa jina mara tatu. Hilo linataka mistari michache ya msimbo na mtu aliyelifikiria mapema. Nasikitika kuona tunavyoliruka, tukakimbilia michoro ya mawingu yaliyounganishwa kwa mishale.

Ipo pia ahadi ambayo wauzaji huitoa na mimi naiona ya hatari: kwamba ukiandika kwa Terraform, msimbo wako utahama kutoka wingu moja hadi jengine bila kuguswa. Si kweli. Seva ya AWS huandikwa aws_instance, ya Google google_compute_instance, ya Azure azurerm_linux_virtual_machine, na kila moja ina sifa zake, mtandao wake na taratibu zake za ruhusa. Kinachofanana ni lugha ya kuandikia, utaratibu wa plan na apply, na mazoea ya timu. Hayo ni makubwa, nami nayathamini, lakini kuhama kutabaki kuwa kazi. Timu ya watu wawili ikijaribu kuendesha mfumo mmoja sawasawa kwenye mawingu mawili itachoka kabla ya msimu kwisha, na data inayotoka wingu moja kwenda jengine hulipiwa.

Kwa ofisi za ukubwa wetu napendelea mgawanyo mdogo. Mfumo mzima ukae kwa kampuni moja. Bekapu, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo, zikae kwa kampuni ya pili. DNS, yaani orodha inayolielekeza jina la tovuti kwenye seva yake, ikae kwa kampuni ya tatu. Vyote vitatu viandikwe kwenye msimbo mmoja, na kila baada ya muda bekapu irudishwe kweli kweli kwenye lile wingu la pili ionekane kama inasimama. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Anayeona natia chumvi aangalie yaliyotokea Australia mwezi huo huo wa Mei 2024. UniSuper, mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulifutiwa mazingira yake kwenye Google Cloud, na wanachama wakakaa kiasi cha wiki nzima bila kuziona akaunti zao. Google ilieleza baadaye kwamba wakati wa kuiandaa huduma ile kigezo kimoja kiliachwa bila kujazwa, mtambo ukakipa thamani yake ya kawaida ya mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukafuta. UniSuper walikuwa na bekapu kwa kampuni nyengine, na zikasaidia kuwarudisha. Mimi kisa hiki nakisoma pande zote mbili. Wingu la pili liliokoa, na mtambo wa kujiendesha ndio uliofuta, kwa sababu mtambo hauna wasiwasi na hauulizi. Ndiyo maana nasisitiza plan isomwe na mtu wa pili kabla ya apply, na hifadhidata iwekewe ule mstari wa prevent_destroy unaoifanya Terraform ikatae mpango unaotaka kuifuta, maadamu mstari wenyewe haujaondolewa kwenye faili. Ni mstari mmoja tu. Nimeshafungua faili nyingi za watu na sikuukuta.

La leseni nitalipita haraka. Agosti 2023 HashiCorp iliiondoa Terraform kwenye leseni huria, wanajamii wakaanzisha nakala yake huria, OpenTofu, chini ya Linux Foundation, kisha IBM ikainunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4, ununuzi uliokamilika 2025. Kwa timu mpya nashauri OpenTofu, na sababu yangu kubwa ni faili la hali. Hilo ndilo faili ambamo programu huweka kumbukumbu ya kila ilichojenga, na humo paswedi za hifadhidata zinaweza kukaa wazi kabisa, zinasomeka. OpenTofu tangu toleo la 1.7, la 2024, inaweza kulifunga yenyewe kwa ufunguo. Chombo chochote utakachochagua, faili hilo lisikae kwenye laptop ya mtu wala lisipandishwe Git. Likae kwenye hifadhi ya pamoja yenye kufuli, ili fundi wa Mjini na mwenzake wa Chake Chake wasibadilishe mfumo kwa wakati mmoja.

Jengine ninalolipigania ni Kiswahili ndani ya faili hizi. Majina ya amri yatabaki kama yalivyo. Lakini kila kigezo, yaani thamani inayoweza kubadilishwa, kina nafasi ya maelezo, na hapo kompyuta haijali umeandika lugha gani. Pale hotelini tuliandika: "Ukubwa wa seva. Juni hadi Oktoba iwe kubwa, masika iwe ndogo." Meneja alipooneshwa mstari ule alisema papo hapo kwamba mwaka ule makundi yanaanza kuingia Mei, tubadilishe. Mtu ambaye hajaandika msimbo maishani mwake alisahihisha miundombinu, na alisahihisha sawa. Vijana wa SUZA na wa Taasisi ya Karume wakizoea kuandika hivi tangu masomoni, watakaowafuata hawatakuta maneno ya kukisia.

Ninachokitaka hasa kiko kwenye mikataba. Kila taasisi inayolipia mfumo, ya umma au binafsi, iandike kwamba akaunti ya wingu ni yake na imefunguliwa kwa barua pepe ya taasisi, na kwamba msimbo wa miundombinu, faili la hali na funguo ni sehemu ya kazi inayokabidhiwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, eGAZ, ikiliweka hili kwenye miongozo ya mifumo ya Serikali, wafanyabiashara watafuata, kwa sababu mafundi ni wale wale. Sheria nayo inatusukuma huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na mwenye hoteli anayeulizwa pasipoti za wageni wake zimehifadhiwa wapi ni vyema awe na jibu. Kwenye msimbo jibu ni mstari mmoja wenye jina la eneo la seva. Bila msimbo, anarudi kumtafuta Fulani kwa simu.

Siku ya makabidhiano pia ibadilike. Sasa hivi mkandarasi huwasha projekta, akaonesha kurasa, watu wakapiga picha. Napendekeza ifunguliwe akaunti tupu, na mfanyakazi wa taasisi, si mkandarasi, akae kwenye kompyuta atoe amri ya apply kwa faili zilizokabidhiwa, wote wakitazama. Mfumo usimame hapo, bekapu ya jana irudishwe ndani yake, na mtu wa mapokezi au wa uhasibu aingie alitafute jina analolijua. Malipo ya mwisho yatoke baada ya jina hilo kuonekana, na akaunti ya majaribio ifungwe siku hiyo hiyo.