Siyo woga, ni kuchoshwa
Eti sisi tunaokabwa hapa Arusha haturipoti kwa sababu ya woga? Mimi nilipigwa roba nikishuka kwenye kifodi, daladala ndogo, Sombetini, saa mbili usiku, na nikaripoti polisi usiku huohuo. Nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali maana mkono ulishavimba. Simu nayo, basi tena. Kisha ikaanza njoo kesho: mara mpelelezi ana dharura, mara faili liko kwa mkubwa. Siku moja nakutana na yule kijana aliyenikaba kijiweni, katoka kwa dhamana, ananiamkia "shikamoo mama"! Hakuna aliyekuwa amenijulisha. Kuna mliowahi kuambiwa tarehe ya kesi yenu bila kwenda kuulizia wenyewe?