Tuache kupaka rangi wiki ya ukaguzi wa ndani

Kila mwaka ni yaleyale. Likitoka tu tangazo kwamba ukaguzi wa ndani ni Jumatatu ijayo basi kiwanda kizima kinakuwa kama nyumba inayosubiri wageni wa posa, kuta zinapakwa rangi, kofia za nywele zinatoka stoo wakati wiki iliyopita watu waliziomba wakaambiwa zimeisha, mabango ya nawa mikono yanabandikwa upya, halafu kuna mtu mmoja kajifungia ofisini na kalamu anajaza fomu za miezi miwili iliyopita. Nimefanya kazi ya ubora kwenye viwanda vya unga wa mahindi miaka mingi sasa na hakuna kitu kinaniuma kama hiki. Odita wa ndani ni sisi wenyewe jamani, hana cheti cha kutunyang'anya, hana faini ya kutupiga, sasa tunamficha nani?

Niliwahi kukagua kiwanda kimoja, nikaomba rekodi za kusafisha sumaku, ile inayokaa kwenye njia ya unga kunasa vyuma kabla ya kufungasha. Nikaletewa faili safi kabisa, siku 60, mwandiko mmoja, wino mmoja, na kila siku imeandikwa hakuna chuma kilichopatikana. Siku 60! Kinu kinasaga usiku na mchana, nyundo zinalika, nati zinalegea, mahindi yenyewe yanakuja na misumari ya huko yalikotoka, halafu sumaku isishike hata chembe? Nikashuka chini nikamfuata mzee anayeendesha ile mashine, nikamwamkia, tukapiga stori kidogo, nikamuuliza tu, baba hii sumaku huwa inashika nini. Akainama chini ya meza akatoa kopo la rangi lililojaa karibu nusu, vipande vya waya, vichwa vya misumari, kipande cha chekeche. Akaniambia mwanangu vyuma mbona vinatoka kila siku, ila hiyo fomu hakuna aliyewahi kuniletea.

Yaani rekodi ya kweli ya kile kiwanda ilikuwa kwenye kopo. Na kile kipande cha chekeche maana yake kuna siku chekeche lilipasuka, unga ukaendelea kupita, ukafungashwa ukaenda kwa watu. Niliandika kasoro kubwa na niliiandika kwa menejimenti, sio kwa yule mzee, maana yeye ndo pekee aliyekuwa anafanya kazi yake.

Kwahiyo nikisikia watu wanasema kujiandaa na ukaguzi, mi nasema anayetakiwa kujiandaa ni mkaguzi. Kiwanda kiachwe kilivyo. Mi naanza wiki mbili kabla. Nasoma daftari la malalamiko ya wateja mwanzo mpaka mwisho, maana mteja aliyekuta mdudu kwenye unga keshakufanyia nusu ya ukaguzi bure. Nasoma ripoti ya ukaguzi uliopita, naangalia kila kasoro iliyoandikwa imefungwa, halafu naenda kuiangalia kwa macho yangu, maana kwenye karatasi zote zimefungwa siku nyingi. Nachukua ule mchoro wa hatua za uzalishaji ulio kwenye mpango wa HACCP, yaani ule mpango wa kutambua na kudhibiti hatari kwenye chakula, natembea nao kuanzia mahindi yanaposhushwa mpaka gari la mzigo linapotoka, na sijawahi, narudia sijawahi, kukuta mchoro unaofanana na kiwanda. Kuna bomba limeongezwa, kuna unga uliomwagika unarudishwa kwenye mashine na mchoro hauujui kabisa.

ISO 22000 ya 2018, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula, kwenye kifungu cha 9.2 inataka wakaguzi wachaguliwe kwa namna ambayo ukaguzi hautaegemea upande, kwa kifupi mtu wa stoo asikague stoo yake. Viwanda vidogo vinalalamika hapa, tuko kumi na tano tu tutampata wapi mkaguzi. Mchukueni mtu wa hesabu! Mfundisheni siku mbili tatu mumpe stoo aikague, anajua kufuatilia namba kuliko sisi wote na haoni aibu kuuliza, mbona mmepokea tani 30 mkasaga tani 32.

Sasa kwenye mahindi kuna jambo moja ambalo ukaguzi wote ungeishia hapo ningeridhika. Sumukuvu. Hii sumu ya kuvu huioni, huinusi, na kupika ugali hakuiondoi. Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua wakafa 125. Kwetu Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 wakafa 20. Hao wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe na hawakuwa na mtu wa kuwapimia, sisi wenye viwanda tuna maabara, tuna kiwango cha Afrika Mashariki kinachosema sumukuvu yote kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo na ile aina ya B1 isizidi 5, tuna kipimo cha unyevu na tunajua mahindi yasizidi asilimia 13.5, kwahiyo sisi hatuna kisingizio chochote.

Na wengi hapa wanakosea swali. Mkaguzi anauliza cheti cha maabara kiko wapi, anaonyeshwa, anaweka tiki, anasonga. Swali ni sampuli ilichukuliwaje. Sumukuvu haijisambazi sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi, punje chache tu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima na gunia la pembeni likawa safi. Sasa kuli kachoma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli kwenye gunia, kwenye magunia manne ya mlangoni kwa sababu ndo yanafikika, hayo ya katikati ya lori hayajaguswa, maabara inapima ilicholetewa inasema salama, na cheti ni cha kweli kabisa ila ni cha magunia manne! Mi siku hiyo nasimama pale mizani lori linaposhushwa nahesabu bambo limeingia mara ngapi na wapi. Hakuna karatasi inayoweza kuniambia hilo.

Halafu nendeni usiku. Kwenye ratiba zetu zote ukaguzi unaanza saa tatu asubuhi na chai, saa kumi jioni umeisha, na shifti ya usiku haijawahi kumuona mkaguzi tangu kiwanda kifunguliwe. Saa tisa usiku supavaiza yuko mmoja, mtu wa maabara kalala nyumbani kwake, mashine ikiziba mtu anafungua anaingiza mkono na koleo lilelile lililotoka kufungua matairi huko. Hao hawahitaji kufokewa, wanahitaji mtu aone kwamba wamepewa tani zilezile za mchana na nusu ya watu.

Mabosi na nyie nawaomba. Nimeona sehemu kasoro ikiandikwa, siku ya pili aliyesema ukweli kakatwa posho. Ukaguzi uliofuata hapo ulikuwa wa ajabu, kila mtu anajibu ndiyo, kila kitu kipo sawa, nimekaa siku mbili nimetoka na karatasi tupu. Mlilipa mshahara wa siku mbili kununua ukimya na yale mahindi yaliendelea kuingia vilevile.

Ukaguzi wangu ujao nauanzia kwenye pumba. Ukikoboa mahindi sehemu kubwa ya sumukuvu inabaki kwenye pumba, unga unatoka nafuu, tunafurahi kipimo kimepita, halafu pumba tunauza kwa wafugaji na kwenye mipango mingi niliyosoma imeandikwa tu takataka za uzalishaji. Ng'ombe akila hizo pumba sumu inatokea kwenye maziwa, inaitwa M1, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Nimeshaandika swali la kwanza kwenye daftari: magunia ya pumba ya mwezi uliopita alinunua nani, na nani aliyapima.