Vyama vya Wanafunzi wa Udaktari Vipimwe kwa Mwanachama Asiye na Cheo

Katika wiki za kwanza za masomo ya udaktari, mwanafunzi hukaribishwa katika vyama vingi kuliko masomo yaliyomo kwenye ratiba yake. Kuna chama cha upasuaji, cha afya ya watoto, cha magonjwa ya moyo, cha tiba ya dharura, cha utafiti na cha afya ya jamii, na kila kimoja kina viongozi wachangamfu wanaoahidi kwamba kujiunga nacho ndiyo njia ya kuikaribia fani mapema. Mimi nilijiandikisha katika vinne kwa siku moja, hata kabla sijajua kutofautisha ateri na veni kwenye meza ya anatomia. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi wodini na kusimamia wanafunzi, ninaamini kwamba vyama hivi vinaweza kuwa sehemu bora kabisa ya malezi ya daktari, na kwamba vingi huipoteza nafasi hiyo kwa sababu vimejengwa kwa manufaa ya viongozi wake.

Chama nilichokipenda zaidi kilikuwa cha upasuaji. Kilikuwa na wanachama wanaokaribia 200 na uongozi wa watu 9, kuanzia mwenyekiti na makamu wake hadi msimamizi wa mawasiliano na naibu wake. Kwa mwaka mzima tulikutana mara 5, kila mara tukimsikiliza daktari bingwa akisimulia safari yake ya kazi. Tulipiga picha ya pamoja, na mwisho wa mwaka tukapewa vyeti. Simulizi zile zilinitia moyo na wala sizibezi. Hata hivyo mwaka uliisha sijashika sindano wala uzi, na nafasi chache za kuingia chumba cha upasuaji zilizotolewa na walimu ziligawanywa ndani ya uongozi, wala sisi wengine hatukuambiwa kwamba zilikuwepo.

Mwaka wa tatu rafiki yangu alinichukua kwenye kikundi cha patholojia, yaani fani ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza seli na tishu za mwili, ambacho sikuwahi kuona tangazo lake. Tulikuwa watu 7 na hadubini moja yenye sehemu mbili za kutazamia, katika chumba kidogo tulichoruhusiwa kukitumia kila Jumatano jioni. Mmoja wetu alileta slaidi mbili, yaani vioo vyembamba vyenye kipande cha tishu, bila kusema zimetoka kwenye kiungo gani, na sheria ilikuwa kwamba unataja kwanza unachokiona, halafu ndipo unataja unachokifikiria. Jumatano ya pili nilitazama kwa sekunde chache nikasema, kwa uhakika mkubwa, kwamba ile ni saratani. Mwenzangu aliyekaa upande wa pili wa hadubini hakunipinga; aliniomba nimwonyeshe seli moja tu ninayoishuku. Nilizungusha slaidi kwa dakika kadhaa nikaikosa. Ilikuwa ini lenye uvimbe wa kawaida wa maambukizi, na mimi nilikuwa nimekisia kutokana na rangi na msongamano. Hakuna mhadhara ulionifundisha unyenyekevu mbele ya ushahidi kama dakika zile, na hadi sasa, ninapotaka kuandika jina la ugonjwa kwenye faili kabla sijamaliza kumpima mgonjwa, husikia ombi lile la kuonyesha seli moja.

Kutokana na vyama hivyo viwili nimepata kipimo ambacho sijaona sababu ya kukibadilisha. Nikitaka kujua thamani ya chama, simuulizi mwenyekiti kimefanya shughuli ngapi, bali namtafuta mwanachama wa kawaida, asiye na cheo chochote, aliyehudhuria kwa mwaka mmoja, nami humuuliza ni jambo gani anaweza kulifanya leo ambalo hakuliweza siku aliyojiunga. Wahenga walisema muungwana ni vitendo, na kwa chama cha wanafunzi vitendo vinavyohesabika ni vile vilivyobaki mikononi na machoni mwa wanachama.

Vyama vya namna hii havikubuniwa na kizazi chetu. Mjini Edinburgh, mnamo 1734, wanafunzi wachache wa udaktari walianza kukutana na kusomeana maandishi yao kuhusu mambo ya tiba. Mwaka 1737 wakaunda chama rasmi, ambacho mwaka 1778 kilipewa hati ya kifalme, nacho hadi leo kinaongozwa na wanafunzi. Katika mji huohuo, Machi 1827, kijana Charles Darwin, ambaye alikuwa akisoma udaktari bila kuupenda na hakuweza kuvumilia kutazama upasuaji wa enzi zile zisizo na nusukaputi, alisimama mbele ya klabu ya wanafunzi wa elimu ya viumbe akaeleza alichokigundua katika wanyama wadogo wa baharini. Tunamkumbuka kwa kazi alizozifanya baadaye, lakini alipousimulia ugunduzi wake mwenyewe siku ile, waliomsikiliza walikuwa wanaklabu wenzake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa James Paget, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika hospitali ya St Bartholomew's, London, mwaka 1835. Kwenye chumba cha kupasulia maiti aliona vidoadoa vyeupe, vigumu, ndani ya misuli. Wengine walikuwa wameviona vidoa vya aina hiyo kabla yake wakaendelea na kazi, kwa kuwa havikuwa sehemu ya somo. Yeye alivitazama kwa lenzi akakuta kila kimoja kina mnyoo mdogo uliojikunja. Mwezi Februari alisoma taarifa yake mbele ya chama cha wanafunzi cha hospitali hiyo, kilichoitwa Abernethian Society. Mnyoo huo, tunaouita sasa Trichinella spiralis, ulipewa jina na kuelezwa kitaalamu na Richard Owen, ambaye alikuwa tayari mtaalamu mwenye sifa, na kwa muda mrefu heshima ya ugunduzi ilikwenda kwake. Paget huyohuyo aliandika baadaye kuhusu chumba kidogo kilichokuwa juu ya duka la mkate karibu na lango la hospitali, ambamo yeye na wenzake walikaa kusoma majarida. Wanahistoria wa elimu ya tiba hukitaja chumba hicho kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo za vikao vya kujadili majarida ya kitabibu ambavyo idara nyingi za hospitali zinavyo leo. Ninachokiona katika habari hii ni kwamba chama kilimpa mtu wa mwaka wa kwanza nafasi ya kusema alichokiona mwenyewe, na watu wakamsikiliza.

Sasa tujiulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa leo akiona kidoa chake, ni chama kipi kitampa dakika 10 azungumze. Katika vyama vingi ninavyovifahamu, jukwaa ni la mgeni mwalikwa, naye mwanachama huruhusiwa kuuliza swali moja mwishoni muda ukibaki.

Sababu ya hali hii inaeleweka. Nafasi za kusomea ubingwa ni chache kuliko wanaozitaka, na wasifu wenye neno “mwenyekiti” huonekana mzito. Nchini Marekani, tangu Januari 2022, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari haitoi tena alama, ila kufaulu au kutofaulu tu. Mabadiliko hayo yalikuwa na nia njema ya kuwapunguzia wanafunzi mzigo, lakini mwanafunzi ambaye zamani angejitofautisha kwa alama sasa analazimika kutafuta kitu kingine cha kuandika, na cheo ndicho kitu cha karibu. Simlaumu hata kidogo. Ninawalaumu zaidi sisi tunaosoma maombi yake na kuhesabu vyeo bila kuuliza kilichofanyika chini ya kila cheo, kwa sababu ni sisi tunaosababisha chama cha watu 12 kiwe na viongozi 11.

Kinachosikitisha ni kwamba mambo yanayofaa kufanywa ni mepesi na yanapimika. Chukua chama cha tiba ya dharura. Ukandamizaji wa kifua kwa mtu ambaye moyo wake umesimama unatakiwa uwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kifua kiachwe kirudi juu kabisa kila mara. Ujuzi huo hufifia ndani ya miezi michache usiporudiwa. Chama kinachomweka kila mwanachama mbele ya mdoli wa mazoezi mara moja kila baada ya miezi 3, mwenzake akihesabu kwa saa, kinaweza kuokoa maisha ya watu halisi. Vilevile chama cha upasuaji kinahitaji uzi, ngozi bandia na mtu wa mwaka wa juu mwenye subira ya kumwangalia mwenzake akifunga fundo mara 50 hadi lisiteleze.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu kambi za uchunguzi wa afya, ambazo vyama vingi huzifanya kwa fahari na ambazo mimi mwenyewe nilizishiriki. Wanafunzi huvaa makoti meupe, hupima shinikizo la damu la mamia ya watu kwa siku moja, na idadi hiyo huandikwa kwenye ripoti. Siku moja nilimpima mama mmoja wa makamo nikapata 184 kwa 112. Nilimwambia kwamba liko juu sana na kwamba aende hospitali. Aliniuliza hospitali gani, amwone nani, na aeleze nini, nami sikuwa na karatasi ya rufaa, wala jina la daktari wa kumwelekeza kwake, wala orodha ambayo ingetuwezesha kumtafuta wiki iliyofuata. Aliondoka akiwa na hofu aliyoipata kutoka kwangu na bila msaada wowote. Kipimo kimoja kwa kawaida hakitoshi kuthibitisha ugonjwa huo. Kinahitaji kurudiwa, na kurudiwa kunahitaji mahali pa kurudi. Afadhali chama kipime watu 30 kwa makubaliano na kliniki itakayowapokea, chini ya daktari mwenye leseni aliyepo siku hiyo, kuliko kupima 300 na kuwaacha njiani. Bado ninamfikiria mama yule.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kampuni za dawa hupenda kufadhili vikao vya wanafunzi, na mwanafunzi hudhani kwamba chakula cha bure hakiwezi kumbadilisha. Chama cha kitaifa cha wanafunzi wa udaktari wa Marekani kilianzisha mwaka 2002 kampeni ya kukataa zawadi za kampuni hizo, na mwaka 2007 kikaanza kuvipa vyuo vya udaktari alama kulingana na sera zao katika jambo hili. Wanafunzi wakawa wanawakagua walimu wao, na vyuo vililazimika kujibu. Huo ni uongozi ninaouheshimu, kwa kuwa uliwagharimu waliouchagua.

Ningependa pia vyama vya fani zisizo na mvuto vipewe uzito zaidi. Upasuaji na moyo havihitaji mtu wa kuvinadi. Tiba ya magonjwa ya akili, tiba ya familia na patholojia, kwa upande mwingine, mwanafunzi huzipitia kwa wiki chache tu kwenye mzunguko wake wa mafunzo wodini, mara nyingi akiwa amechoka na akiwaza mtihani mwingine, na kikundi kidogo cha wenzake kinaweza kuwa mahali pekee anapoziona kwa utulivu.

Limebaki suala la kurithishana. Viongozi wa vyama hivi hubadilika kila mwaka, na wakishaingia wodini hawana muda. Kwa hiyo chama kizuri hufa bila ugomvi, kwa sababu tu aliyekuwa na ufunguo wa chumba amehitimu. Kikundi chetu cha patholojia hakikuwa na katiba, lakini kilikuwa na daftari ambalo kila slaidi iliandikwa humo: tulichokiona, tulichokisia, jibu, na mahali tulipokosea, pamoja na jina la mwalimu aliyetukopesha. Nilipomaliza zamu yangu ya kulitunza nilimkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa pili, tukakaa pamoja Jumatano nne kabla sijaondoka. Nilipopita kuwasalimu mwaka uliofuata, daftari lilikuwa limejaa na la pili limeanza, na kwenye ukurasa wake wa kwanza palikuwa na slaidi ambayo mimi sikuweza kuitambua.