Larry Doby, aliyechelewa wiki kumi na moja

Kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani huvaa jezi namba 42 kumuenzi Jackie Robinson, aliyewafungulia weusi mlango wa ligi hiyo mwaka 1947. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni tarehe 5 Julai, inayopita kimyakimya kama siku ya mtu asiye na ndugu.

Siku hiyo, mwaka huohuo, Larry Doby aliingia uwanjani Chicago akiwa na jezi ya Cleveland. Ligi kuu ile ina pande mbili. Robinson alikuwa National League. Doby ndiye mweusi wa kwanza wa American League, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemfyekea njia huko.

Tena Robinson alitayarishwa: msimu mzima wa 1946 alicheza daraja la chini kule Montreal. Doby, kijana wa miaka 23, alinunuliwa na Bill Veeck, mmiliki wa Cleveland, kutoka Newark Eagles, timu ya ligi ya weusi, na hapohapo akajikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo na wenzake ambao baadhi yao walikataa kumpa mkono. Mkono tu! Kisha akasugua benchi. Msimu ule alihesabiwa zamu 32 za kupiga mpira, akafanikiwa 5.

Sehemu ninayomvulia kofia ni ile iliyofuata. Doby alizoea kucheza ndani, kituo cha pili, lakini kituo hicho kilikuwa cha Joe Gordon. Wakamhamishia uwanja wa nje, katikati. Si kuhama kidogo huko. Mchezaji wa ndani anaupokea mpira ukiburuzika kwa kasi kutoka hatua chache. Wa nje anasikia mlio wa gongo, anakisia mpira utaangukia wapi, anageuka na kukimbia akiwa ameupa mgongo. Doby alijifunza kazi hiyo ukubwani, huku majukwaani wapo waliomtukana kwa rangi yake. Tris Speaker, gwiji wa zamani wa nafasi hiyohiyo, alimnoa.

Oktoba 1948 alikuwa akicheza fainali. Katika mchezo wa nne, mbele ya watu zaidi ya 81,000, aliupiga mpira ukavuka ukuta, na Cleveland ikashinda 2-1. Baadaye mrushaji wa timu yake, Steve Gromek, mzungu, alimkumbatia shavu kwa shavu, wote meno nje, na picha ile ikachapishwa magazetini. Kwangu mimi inazidi takwimu zake zote, ingawa nazo si haba: aliongoza American League kwa mipira iliyovuka ukuta mwaka 1952 na 1954, 32 kila msimu, na kuanzia 1949 hadi 1955 hakukosa hata mara moja kuteuliwa kwenye mechi ya kila mwaka ya nyota wa ligi.

Robinson aliingizwa kwenye jumba la magwiji mwaka 1962. Doby alisubiri hadi 1998, ana miaka 74.

Halafu kuna hili, ambalo sijui nicheke au nisikitike. Mwaka 1978 Veeck, safari hii akimiliki Chicago White Sox, alimwita tena, awe kocha mkuu. Akawa kocha mkuu mweusi wa pili katika historia ya ligi kuu. Wa kwanza naye aliitwa Robinson. Frank Robinson.